Kidole cha Selekta

Gia boksi aliyoileta Mwalimu ilikuwa ya aina ya gari lake hasa, na bado ilikataa kufungika. Mwalimu mwenyewe alikuwa mstaafu mwembamba aliyebaki na mazoea ya kuchomeka kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, moja nyekundu. Alikuwa ameinunua kwenye duka la spea za mtumba na kuisindikiza kwa miguu kando ya mkokoteni mpaka gereji, asije akabadilishiwa njiani. Sasa alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Wamenipiga," alisema. "Na mvi zangu zote hizi, wamenipiga mchana kweupe."

"Hawajakupiga, Mwalimu. Boksi ni lenyewe. Ila selekta si yake."

Aliyejibu hivyo alikuwa fundi mwenye gereji, mtu mpana wa mabega ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo halikubanduka mdomoni mwake. Taratibu na hiyo nati, taratibu na hiyo jeki, na mteja akiuliza gari litakuwa tayari lini, jibu lilikuwa lilelile. Alichuchumaa akamwonyesha Mwalimu kwa ncha ya bisibisi. Gari la Mwalimu lilibadili gia kwa kebo mbili. Selekta iliyokuja juu ya gia boksi hii ilikuwa ya yale magari ya zamani kidogo, yanayobadili gia kwa fimbo ya chuma. Kwa hiyo kuna mtu, mahali fulani, aliwahi kulifunga boksi hili kwenye gari la fimbo na kuhamishia juu yake selekta ya gari hilo, yaani vyombo vya kuchagulia gia.

"Na sisi tunairudisha ilivyokuwa," alisema. "Tunavua selekta ya boksi lako bovu, yenyewe ni nzima, tunaivalisha hii. Kazi ya asubuhi moja."

"Na hiyo utakayoivua?"

"Utapewa. Kilichotoka kwenye mali yako ni chako, hata kiwe kimeoza."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya gereji yake. Kila gari lililotoka pale lilitoka na mfuko wa plastiki wenye vyuma vilivyovuliwa, vimefutwa mafuta na kuhesabiwa mbele ya mwenyewe. Mafundi wa jirani walimcheka. Wao walivilimbikiza nyuma ya karakana na kuviuza kwa kilo, na siku nyingine walimfungia mtu kifaa chake kilekile cha zamani huku wakimwambia ni kipya. Taratibu hakuwa malaika; alikuwa mgumu wa bei, na aliweza kukaa na gari la mtu mpaka mwenyewe akasahau rangi yake. Lakini kwenye habari ya mfuko hakuwa na utani.

Alifungua boliti nne, akagonga pembeni kwa nyundo ya mpira, akainua mfuniko wa selekta pamoja na mhimili wake. Mwishoni mwa mhimili palikuwa na kile wanachokiita kidole: kipande cha chuma urefu wa dole gumba, kinachozama ndani ya boksi na kusukuma uma za gia huku na huko. Dereva akishika gia, mkono wake kwa kweli huishia hapo. Taratibu alikifuta kidole kwa kitambaa, akakigeuza kwenye mwanga, kisha akakileta karibu na macho.

Ncha yake ilikuwa imeongezwa unene kwa kuchomelea na kusawazishwa kwa tupa, kwa mkono, kwa subira. Pembeni palikuwa na nukta mbili zilizogongwa kwa chuma chenye ncha. Kwa miaka ishirini Taratibu alikuwa akigonga nukta mbili kwenye kila kifaa alichokibadili umbo, ili fundi atakayekuja baada yake ajue kwamba hivi sivyo kilivyotoka kiwandani. Hapakuwa na mwingine aliyefanya hivyo. Wenzake walimuuliza tangu lini fundi akaweka sahihi kwenye chuma.

Kidole kilikuwa cha gari lao. Gari la nyumbani kwake, lililoibwa miezi minane iliyopita, ambalo yeye mwenyewe alilifungia gia boksi hii baada ya ile ya mwanzo kuvunjika. Selekta ya fimbo alikuwa ameihamisha kutoka kwenye boksi lililovunjika, kidole kikawa chembamba kwa milimita chache, akakiongeza. Alikumbuka hata mvua ya siku ile.

"Kuna tatizo?" aliuliza Mwalimu.

"Hamna tatizo. Risiti ya hii unayo?"

"Mimi ninunue kitu bila risiti?" Mwalimu alijipapasa mfukoni akaitoa, imekunjwa mara nne. Taratibu alilisoma jina la duka mara mbili, akarudisha karatasi, akamwomba Mwalimu aje kesho kwa sababu selekta inahitaji kusafishwa. Mwalimu aliondoka akinung'unika kwamba asubuhi moja imekuwa mbili kabla jua halijafika utosini.

Mtu mwingine angeona uchungu kwanza. Taratibu aliona furaha, furaha ya kutaka kukimbia. Miezi minane alikuwa amebeba lile gari shingoni. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye aliyekuwa akiliendesha kwa kukodisha, na jioni moja ya Jumapili alirudi nyumbani kwa miguu, shati limechanika, damu imemganda usoni. Abiria wawili walimgeuka njiani. Alijaribu kuwadanganya kwamba gari haliwaki, alieleza mbele ya familia nzima, ila ile swichi ya siri ya kukata mafuta chini ya kiti haikuwepo. Na kweli haikuwepo. Taratibu alikuwa ameitoa Jumamosi, waya zake zilikuwa zinagusana, akasema ataweka nyingine Jumatatu.

Tangu hapo yeye ndiye aliyepoteza gari. Mama mkwe wake, aliyekuwa akipelekwa kliniki ya presha kwa gari hilo, sasa alipanda pikipiki akishikilia kilemba, na kila aliporudi aliuliza kama swichi imeshapatikana. Binti yake mkubwa, wa kidato cha pili, akimtuma baba yake kitu dukani, alimwambia usisahau kama swichi, na mdogo wake akacheka. Wateja nao walitaniana kwamba huyu ndiye fundi wa magari pekee anayekuja kazini kwa miguu. Alicheka nao. Angefanya nini?

Sasa alikuwa na kidole mkononi, amekichomoa kwenye mhimili. Alikifunga kwenye kitambaa, akafunga gereji saa tano asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaelekea dukani kwa shemeji yake.


Duka lilikuwa la simu na vikorokoro vyake, chumba kimoja chenye rangi mpya na kioo mbele. Rafu zote tatu za chuma alizichomelea Taratibu, Jumapili tatu mfululizo, bure, kwa sababu aliona ni kiasi kidogo kwa kijana aliyenusurika kuuawa kwa uzembe wake. Shemeji alikuwa akimbandikia mteja kioo cha simu. Alikuwa kijana msafi, mwenye sauti ya upole, na juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu.

"Karibu shemeji. Leo umetukumbuka. Kaa hapo, namaliza sasa hivi."

Taratibu alisubiri mteja alipe, ahesabu chenji, aulize bei ya chaja, aikatae, atoke. Kisha akafungua kitambaa juu ya kioo cha meza.

"Unakikumbuka hiki?"

"Mambo ya ufundi, shemeji, mimi na hayo wapi na wapi."

"Ulinishikia mwavuli wewe. Nachomelea, mvua inanyesha, wewe umeshika mwavuli unaniambia tutakufa na umeme." Taratibu hakuweza kujizuia, alikuwa anatabasamu. "Nimekikuta ndani ya gia boksi ya mteja leo asubuhi. Gari letu limekatwa spea, shemeji. Na mteja ana risiti. Nikienda polisi na hiki na ile risiti, mwenye duka atasema alinunua kwa nani. Waliokupasua kichwa tunao mkononi wiki hii hii."

Shemeji alikichukua kidole, akakigeuza, akagusa zile nukta mbili kwa ukucha. Alikirudisha kwenye kitambaa polepole.

"Dada amekwambia lini?" aliuliza.

"Ameniambia nini?"

Kijana aliinua macho. Taratibu aliuona uso ule ukitambua kosa lake, ukitafuta pa kulifichia, ukikosa. Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli.

"Shemeji, tufunge mlango tuongee kiutu uzima," alisema kijana.

"Ameniambia nini?"

"Nilikuwa na shida. Nilikuwa pabaya, shemeji, we hujui tu. Niliambiwa gari zima litajulikana, likikatwa halijulikani. Nilisema nitafungua biashara, ikisimama nitanunua jingine, nilirudishe kabla hamjaumia."

Taratibu alisogea karibu na meza. Alitazama lile kovu. Nyuzi nne, alizilipia yeye, akakaa kwenye benchi la zahanati amemshika kijana mkono huku akimwomba msamaha.

"Kichwa nani alikipasua?"

"Niligonga mwenyewe. Kwenye mlango wa gari." Kijana alijishika kovu bila kutaka. "Sikujua itapasuka vile."

"Na swichi?"

"Swichi..." Shemeji alihangaika. "Wewe ndiye uliyesema umeitoa, shemeji. Mimi nilikuwa natafuta cha kusema, nikakumbuka."

Taratibu alikunja kitambaa chake. Alitaka kumpiga, lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye rafu. Alikuwa amezisugua kwa msasa mpaka zikawa laini, mtoto asije akajikata.

"Hizi rafu zinakufaa?" alisikia sauti yake ikiuliza.

"Sana, shemeji. Nakushukuru," alijibu kijana, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa, alionekana kumaanisha.


Mkewe alikuwa uani akianua nguo. Alikuwa mwanamke mchapakazi, wa maneno machache, anayejua kuipitisha nyumba kwenye mwezi mgumu bila jirani kusikia. Taratibu alikuwa amempenda kwa hilo. Alipomwona anaingia mapema aliuliza kama anaumwa.

"Nimetoka dukani kwa mdogo wako," alisema, na akakifungua kitambaa.

Mkewe hakuuliza hicho ni nini. Aliendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe, akaiweka begani. Taratibu alitambua kwamba simu ya kijana ilikuwa imefika kabla yake.

"Umejua tangu lini?"

"Mwezi wa pili baada ya lile tukio. Nilimbana kuhusu pesa za duka, akalia, akasema."

"Mwezi wa pili." Alihesabu, hakupenda alichopata. "Nusu mwaka, mama watoto. Nusu mwaka nalala hapo kando yako."

"Nilitaka kukwambia. Kila siku nilikuwa nataka."

"Ukashindwa na nini?"

"Na mama. Presha yake unaijua, mwanaye wa kiume ni huyo mmoja. Na wewe pia. Ungempeleka polisi siku ileile."

"Ningempeleka."

"Basi." Alichukua suruali ya kazi ya Taratibu kwenye kamba, akaipiga vumbi ambalo halikuwepo. Aliongea akiitazama ile suruali. "Na kuna jingine, nikwambie ukweli. Zamani ulikuwa unaingia humu unafoka. Chumvi, maji, kelele za watoto, kila kitu kosa. Tangu lile gari liende umekuwa mpole. Unasema pole kabla ya kuvua viatu. Mama akikusema unainamisha kichwa. Nyumba ilitulia, baba watoto. Nikasema moyoni, acha tu."

Katika yote aliyoyasikia siku ile, hilo ndilo lililomkata. Kwamba mkewe alimficha ndugu yake wa damu, hilo aliweza hata kulielewa, akijikaza sana. Lakini mkewe alikuwa amekaa mezani naye miezi yote hiyo akimwangalia anavyojilaumu, na ameona kwamba inafaa.

"Kwa hiyo mlinifuga," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nifundishe."

Mkewe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nguo zote mapajani. Alianza kulia bila sauti, na Taratibu, kwa mazoea yake mapya, nusura aseme pole. Alijiuma midomo.

"Utafanya nini?" aliuliza mkewe.

"Sijui. Hiki na risiti ya Mwalimu vinatosha."

"Afungwe mjomba wa watoto wako? Mama aanguke hapo sebuleni? Ndiyo raha yako?"

"Sitaki afungwe." Alikuwa hajajua hivyo mpaka aliposema. "Gari limeshakwenda, halirudi. Nataka jina langu. Useme wewe, kwa mdomo wako, mbele ya mama na mbele ya watoto, kwamba gari halikuibwa kwa sababu ya swichi. Useme lilikwendaje. Mimi nikisema wataniona najitetea."

Mkewe alifuta machozi kwa mkono wa blauzi yake iliyokunjwa.

"Nitasema. Kesho wakati wa chakula, tukiwa wote. Lakini na wewe hicho chuma kirudishe kwa mwenyewe. Kikikaa humu ndani, siku tutakayogombana utakwenda nacho polisi. Najua."

"Kitarudi kesho. Ni cha Mwalimu, kwanza."

"Haki?"

"Umewahi kuniona nabaki na chuma cha mtu?"

Alikubali kwa kichwa. Akainuka akaingiza nguo ndani, na usiku ule walilala wakiwa wamegeuziana migongo, lakini Taratibu alilala. Kuna mtu aliyekuwa amemwahidi kitu.


Asubuhi Mwalimu alifika kabla ya gereji kufunguliwa, akakaa kwenye stuli na daftari lake. Taratibu alivua selekta ya kebo kwenye boksi bovu, akaiosha kwa petroli, akakagua springi na vigololi vyake kimoja kimoja. Aliweka gia boksi ya mtumba kwenye fri, yaani bila gia yoyote, akapanga uma zote tatu mstari mmoja kwa bisibisi, kwa sababu moja ikisogea upana wa karatasi tu, gari hushika gia mbili kwa pamoja na boksi hukaza kama jiwe. Kisha akakishusha kidole kizuri, cha kiwandani, ndani ya nafasi yake. Kiliingia kwa mlio mdogo. Alifunga boliti nne akizibana kwa kupishanisha pembe.

Kufikia saa nane boksi lilikuwa chini ya gari, kebo zimeungwa, oili imejaa. Walizunguka mtaa mara mbili, Mwalimu akiendesha. Namba moja, mbili, tatu, nne, rivasi, zote ziliingia laini.

"Kumbe boksi zima kabisa," alisema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza alionekana kufurahi. "Aliyekuwa nalo alilitunza."

"Alilitunza," alisema Taratibu.

Waliporudi, alimhesabia vyuma kwenye mfuko wa plastiki: mfuniko, mhimili, mkono wa fimbo, springi mbili, boliti tatu zilizoliwa meno. Cha mwisho kilikuwa kidole. Alikuwa amekirudisha kwenye mhimili na kukifuta kuliko vingine. Mwalimu alitia alama kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, akaridhika, akaupima mfuko uzito mkononi.

"Sasa hivi vya nini kwangu?" alisema. "Nilitaka kuona tu."

Kwenye lango alikuwa akipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Mwalimu alimwita. Taratibu alisimama akifuta mikono, akautazama mfuko unavyoning'inizwa kwenye ndoano ya mizani, sindano ikapanda kidogo ikatulia. Angeweza kusema, Mwalimu, hicho kimoja niachie. Mwalimu angempa bila kuuliza. Lakini alikuwa amekubaliana na mtu, na upande wake wa makubaliano aliutimiza kama alivyofunga zile boliti. Mnunuzi alimwaga mfuko juu ya lundo la mabati na mabomba, akasukuma mkokoteni, akapotea kwenye kona.


Jioni Taratibu alioga kwanza, akavaa shati la kutokea. Binti mkubwa alimuuliza kama kuna mgeni, akasema hakuna. Mama mkwe alikuwa ameketi mahali pake penye mto wa kuegemea, binti mdogo akimpangia bibi yake dawa kwenye kisosi. Mkewe alipakua, akampa kila mtu, na sahani ya Taratibu aliijaza zaidi ya siku zote. Alipoketi alikunjua mikono juu ya meza.

"Sikilizeni, watoto. Mama, na wewe sikiliza. Baba amepata habari za gari."

Vijiko vilisimama. Taratibu alitazama mbele yake.

"Alikuta spea yake gereji. Wezi walilikata, wakaliuza vipande vipande. Halipo tena, na hakuna wa kumshika. Kwa hiyo nataka tulizike, lisizungumzwe tena humu ndani." Taratibu alidhani huo ni utangulizi, kwamba anajisogeza kwenye neno lenyewe, akamngoja. "Na ile habari ya swichi tuiache sasa. Kila mtu hukosea. Baba yenu tumeshamsamehe."

"Mimi nilimsamehe zamani," alisema mama mkwe. "Hata mwanangu alimsamehe, na alishonwa nyuzi kichwani."

Binti mdogo alinyoosha mkono akampapasa baba yake kiwiko.

"Si hivyo tulivyosema," alisema Taratibu.

"Tulisema tuwaambie. Nimewaambia."

"Waambie alipasuka kichwa na nini."

Mkewe hakumtazama. Aliwageukia watoto, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile anayoitumia mtoto akiwa na homa.

"Mnaona? Bado linamuuma."

Hapo Taratibu aliona mambo yote yalivyopangwa, tangu pale kwenye ndoo, na kwamba hata machozi huenda yalikuwa ya kweli na bado yakafanya kazi yake. Aliegemea mbele, akayatoa maneno wazi, moja moja.

"Gari aliliuza mjomba wenu. Hakuna mwizi aliyempiga. Mama yenu anajua."

Mama mkwe aliweka mkono kifuani. Mkewe alifumba macho, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyechoka na mgonjwa wa muda mrefu. Binti mkubwa alimtazama mama, akamtazama baba. Alikuwa mtoto mwenye akili na alitaka kutenda haki.

"Baba, una ushahidi?"

"Nilikuwa nao."

"Uko wapi?"

"Nimeurudisha kwa mwenyewe. Leo mchana. Akauuza chuma chakavu."

Yeye mwenyewe alisikia jinsi jibu lile lilivyotoka. Mama mkwe aliguna, akashusha mkono kifuani, akaendelea kula. Binti alikaa akifikiri, uso umejaa huruma, kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila mzaha hata kidogo, kwa sababu alikuwa anatafuta namna ya kumsaidia.

"Lakini baba, swichi si uliitoa wewe?"

Taratibu aliweka kijiko chini.

"Niliitoa," alisema.

Mkewe aliinuka akaanza kukusanya vyombo. Alianza na sahani ya mumewe, iliyokuwa bado na chakula.